Robota la Mama na Mto Nairobi

Robota la mitumba huwa limebanwa kwa mashine na kukazwa kwa mikanda migumu ya plastiki, kiasi kwamba ukiligonga kwa kiganja halitoi sauti ya nguo bali ya gogo. Mama yangu hulifungua saa kumi na moja alfajiri, kabla soko la Gikomba halijafurika, akiwa amezungukwa na wateja wake wa zamani ambao wameamka usiku ili wawe wa kwanza kuchagua. Mkanda wa kwanza ukikatwa, robota huvimba. Ukikatwa wa mwisho, nguo huporomoka juu ya turubai, na ile harufu ambayo kila mtoto wa mchuuzi wa mitumba anaijua huenea kotekote, harufu ya dawa, ya vumbi na ya nyumba za watu tusiowajua. Kwa muda hakuna anayezungumza, ni mikono tu inayofanya kazi. Nguo zilizo bora huitwa kamera, nazo huondoka kwanza kwa bei ya juu. Zinazofuata hupangwa kwa madaraja. Zile zinazobaki chini kabisa, zenye madoa, zilizochanika, zilizolegea shingo, huitwa fagia.

Nimelelewa na marobota hayo. Karo yangu, kodi ya chumba chetu cha Shauri Moyo na hata godoro nililokwenda nalo shule ya bweni vilitokana na mashati ya kiume, bidhaa ambayo Mama ameishikilia tangu mwaka 1993. Leo mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Nairobi, na kila mwaka hufika juma ambalo ni lazima nifundishe utandawazi. Vitabu huniongoza nigawe ubao kwa mstari wa katikati: faida upande huu, hasara upande ule. Wanafunzi hunakili, hufanya mtihani, hupata alama zao. Hata hivyo mstari ule umenisumbua kwa miaka mingi, kwa sababu unaleta picha ya mizani ambayo mtu mmoja husimama mbele yake, akapima, kisha akaamua. Katika maisha niliyoyaona mambo hayaendi hivyo. Faida ina mwenyewe, ina bei, ina risiti. Mabaki hayana mwenyewe. Aliyelivaa shati huko Ulaya alilitoa kwa moyo mweupe na kulisahau. Aliyelinunua Gikomba amelipa bei aliyotajiwa. Mto unaopita nyuma ya vibanda hakuna aliyewahi kuuhesabu katika biashara hiyo.

Neno lenyewe lina historia. Kabla halijawa jina la nguo zilizokwisha kuvaliwa, mtumba ulikuwa ni mzigo uliofungwa, furushi ambalo mpagazi alijitwika kutoka pwani kwenda bara. Na katika karne ya 19 kilichokuwa ndani ya mitumba mingi ni merikani, kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi, ambacho kilibeba jina la nchi kilikotoka. Wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walikuwa wakifika Unguja kwa merikebu, na mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said. Merikani ilipanda bara. Pembe za ndovu zikashuka pwani mabegani mwa wapagazi, baadhi yao wakiwa watumwa, zikavuka bahari na kuchongwa vibonyezo vya piano katika viwanda vya Connecticut. Ndovu walitoweka katika sehemu kubwa za nchi ambazo misafara ilizipitia. Katika vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wale ziliandikwa bei za vitambaa na bei za pembe. Hapakuwa na safu ya ndovu. Huwaeleza wanafunzi wangu habari hii kabla ya jambo lingine lolote, ili wasidhani kwamba utandawazi ulikuja na intaneti, na ili wafahamu kwamba hata desturi ya kuacha gharama fulani nje ya daftari ni ya siku nyingi.

Babu yangu, baba yake Mama, alikuwa mkulima wa pamba Busia. Aliuza pamba yake kwa kiwanda kimoja cha kuchambulia ambacho kilichelewesha malipo msimu baada ya msimu, na mwaka ambao hakulipwa kabisa aling'oa mipamba yote akapanda mahindi. Wakati ule nchi ilikuwa na viwanda vikubwa vya nguo: Kicomi mjini Kisumu, Rivatex mjini Eldoret, na vingine Thika na hapa Nairobi. Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, nguo za bei nafuu kutoka nje, mpya na kuukuu, ziliingia kwa wingi. Kicomi ilifungwa. Rivatex ilidhoofika hadi ikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Wako wanaosema kwamba ni mitumba iliyoua viwanda hivyo, na maneno hayo yana ukweli, lakini nikimkumbuka babu siwezi kuyakubali yote, kwa maana mkulima asiyelipwa aliacha pamba kabla mteja hajaacha kununua kitambaa chake. Viwanda vilikuwa vimechoka, mashine zilikuwa kuukuu, umeme ulikuwa ghali. Mlango ulipofunguliwa, upepo uliikuta nyumba ambayo nguzo zake zimekwisha kuliwa na mchwa.

Na ni katika upepo huohuo ambapo binti wa mkulima yule wa pamba alipanda basi kuja Nairobi, akapokelewa na dada wa chama cha kanisani aliyemkopesha nusu ya bei ya robota. Kwa hiyo familia yetu imekaa pande zote mbili za ule mstari wa ubaoni. Kinachosemekana kumnyima babu riziki ndicho kilichomlisha mjukuu wake.

Sitaki mtu yeyote azidharau faida hizi, hasa mtu ambaye hajawahi kuzihitaji. Nguo ya mtumba imemwezesha mtoto wa Mukuru kwenda shule akiwa na sweta la joto mwezi wa Julai, na imemwezesha kijana anayetafuta kazi kuingia katika ofisi ya Upper Hill akiwa amevaa koti linalomkaa vizuri. Kutoka katika robota moja wanakula watu wengi: anayesukuma mkokoteni, hamali, wenye pasi za makaa wanaonyoosha nguo kando ya njia, fundi wa cherehani anayepunguza kiuno na kubadilisha zipu, mama wa chai, na mchuuzi anayezipeleka nguo hizo hadi Machakos na Garissa. Soko limeungua mara nyingi. Katika moto wa Juni 2018 walikufa watu wasiopungua 15, na Mama alipoteza kibanda chote, lakini baada ya majuma mawili alikuwa ametandaza turubai juu ya majivu. Mwaka 2020, serikali ilipopiga marufuku uagizaji wa mitumba kwa miezi kadhaa kwa ajili ya virusi vya korona, niliona jinsi mtaa mzima unavyoweza kunyamaza. Tena kuna hoja ambayo watetezi wa mazingira wenyewe huitoa, nayo ni ya haki: shati linalovaliwa na mtu wa pili na wa tatu linapunguza haja ya kutengeneza shati jipya. Inakadiriwa kwamba fulana moja ya pamba hutumia takriban lita 2,700 za maji tangu shambani hadi dukani. Bahari ya Aral, iliyokuwa miongoni mwa maziwa manne makubwa kabisa duniani, ilikauka kwa sehemu kubwa kwa sababu kuanzia miaka ya 1960 Umoja wa Kisovyeti ulizigeuza Amu Darya na Syr Darya, mito iliyoijaza, ili kumwagilia pamba. Nguo ikivaliwa miaka kumi badala ya miwili, maji hayo walau yamefanya kazi.

Kwa nini basi nisiishie hapo? Kwa sababu robota limebadilika.

Mama ndiye aliyeniambia, na aliniambia kabla sijasoma habari hiyo mahali popote. Siku moja aliniwekea mashati mawili mkononi, akaniambia nifumbe macho na nichague lililo zito. Moja lilikuwa la pamba, limefuliwa mara nyingi hadi likalainika kama jani la mgomba, lakini ushonaji wake ulikuwa wa nyuzi mbili na vifungo vyake vyote vilikuwa mahali pake. La pili lilikuwa jepesi, linateleza, na nilipolivuta kidogo mshono wa kwapani uliachia. Aliniambia kwamba alipoanza kazi, mashati ya aina ya kwanza yalikuwa ndiyo robota, na ya aina ya pili ulikuwa ukiyapata machache. Sasa mambo yamegeuka: kamera zinapungua, fagia zinaongezeka, na bei ya robota haishuki. Kinachoingia Gikomba siku hizi ni matokeo ya mtindo wa kushona haraka, kuuza rahisi na kutupa mapema. Zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazozalishwa duniani leo ni poliesta, na poliesta hutengenezwa kwa mafuta ya petroli. Ni plastiki iliyosokotwa. Haiozi kama pamba ya babu. Hukatikakatika tu, ikawa vipande, kisha vumbi, kisha chembe zisizoonekana.

Fagia huuzwa kwa shilingi kumi au ishirini, na zisizouzika hukatwa kuwa matambara ya mafundi wa magari. Baada ya hapo hubaki kitu ambacho hakuna anayekitaka. Kuna wanaolipwa kidogo kukiondoa, na njia fupi kuliko zote ni ya kwenda mtoni. Nyuma ya soko, ukingo wa Mto Nairobi umekuwa na matabaka kama ya mwamba: nguo, udongo, nguo, plastiki, udongo. Nimewahi kusimama pale na wanafunzi wangu na kuwaonyesha, kwa maana katika jiografia tunafundisha namna miamba ya mashapo inavyojengeka, na sikuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Msichana mmoja alivuta pindo lililochomoza kwenye udongo, likaendelea kutoka, hadi tukaona ni mguu mzima wa suruali ya mtoto, rangi yake ikiwa bado ya samawati.

Mto huu hauishi Nairobi. Unaanza kwenye chemchemi za Ondiri huko Kikuyu, unapita katikati ya jiji, unaingia Mto Athi, unashuka Maporomoko ya Fourteen, unakatiza Tsavo kwa jina la Galana, na mwishowe unaingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi ukiitwa Sabaki. Ichukue ramani uifuatilie kwa kidole. Kontena linashushwa Mombasa, nguo zinapanda reli au barabara hadi Nairobi, zinachambuliwa, na kile kilichokataliwa kinateremka mtoni, kilomita mia kadhaa, hadi bahari ileile iliyokileta, kwenye ufuo ambao si mbali sana na bandari kilikoshushiwa. Wavuvi wa pale hawajawahi kuuza wala kununua shati la Mama.

Mwezi wa Aprili mwaka 2024 mto ulirudi kwetu. Mafuriko ya msimu ule yaliua karibu watu 300 nchini kote, na Mathare na vitongoji vingine vya ukingoni viliamka ndani ya maji. Sisemi kwamba nguo ndizo zilizoleta mafuriko. Mvua ilikuwa kubwa, na nyumba zilikuwa zimejengwa mahali ambapo mto hupumulia. Lakini maji yalipopungua nilipita kwenye daraja karibu na soko, nikaona nguo zimening'inia kwenye vyuma vya chini kama mbeleko zilizoanikwa, zikiwa zimekamata matawi, chupa na povu, na vijana waliokuwa wakizitoa kwa mikono walikuwa wakivuta kamba moja ndefu ya vitambaa vilivyosokotana, isiyo na mwanzo wala mwisho. Bara zima la Afrika huchangia chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa inayotolewa duniani, ile inayovuruga majira na mvua. Waliovuta kamba ile walikuwa vijana wa Mathare.

Kisichokwenda mtoni huenda Dandora. Jaa lile lilianza katika miaka ya 1970 kwenye shimo la machimbo ya mawe, na mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa. Malori bado yanaingia kila siku. Mwaka 2007 utafiti uliofanywa kwa niaba ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ulipima watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa hilo, ukakuta kwamba nusu yao wana madini ya risasi katika damu kupita kiwango kinachokubalika kimataifa. Si nguo pekee zinazofanya hivyo. Simu, betri na kompyuta zilizokwisha kazi ziko pale pia, zikichomwa ili kupata shaba iliyo ndani ya nyaya. Mimi mwenyewe nimenufaika sana na nyaya nyingine, zile zilizolazwa chini ya bahari hadi Mombasa mwaka 2009 na kushusha gharama ya intaneti, na siwezi kufikiria Gikomba bila M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007. Mama hulipia robota akiwa ameketi kibandani, bila kubeba pesa taslimu kifuani kama zamani. Lakini nikimwona mtoto wa Dandora akiinama juu ya moshi ule mweusi, ninajua kwamba urahisi wangu na moshi wake vimetoka katika kontena moja.

Iko hoja moja ambayo husikika sana, na ninaiona kuwa ya kupotosha: kwamba ubaya uko katika umbali, na kwamba bidhaa isiyovuka bahari ni safi kuliko inayovuka. Mfano unaoivunja uko Naivasha, kwenye mashamba ya maua kando ya ziwa. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Cranfield cha Uingereza kililinganisha waridi za Kenya, zinazosafirishwa kwa ndege, na waridi za Uholanzi zinazokuzwa katika nyumba za vioo zenye kupashwa joto. Za Uholanzi zilitoa hewa ya ukaa zaidi ya mara tano. Jua letu na mvuke wa ardhini vilishinda gharama ya ndege. Kwa upande mwingine, ua moja la Naivasha linakadiriwa kutumia lita 7 hadi 13 za maji, na maji hayo hayasafiri kwenye karatasi yoyote ya forodha, ingawa ziwa lenyewe liko katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yanayolindwa kimataifa tangu mwaka 1995. Kwa hiyo swali la kuuliza si bidhaa imetoka umbali gani. Ni nani aliyebaki na kile ambacho bei haikukitaja. Na tegemeo lenyewe ni jembamba: mwezi wa Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull ililipuka Iceland, ndege zikazuiwa kuruka Ulaya, na waridi za Naivasha zikageuzwa mbolea huku maelfu ya wafanyakazi wakiambiwa wakae nyumbani. Mlima ambao hawakuweza hata kulitamka jina lake ndio uliowanyima ujira.

Serikali zetu zilijaribu kuufunga mlango. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua hadi ikome mwaka 2019. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu cha Marekani kililalamika, na Marekani ikatishia kuziondoa nchi hizi katika AGOA, ile sheria ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia kwao bila ushuru. Kenya ilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 ikapoteza nafasi yake ya kuuza nguo Marekani kwa masharti hayo. Kwa Kenya uamuzi haukuwa mwepesi, kwa sababu Athi River kuna viwanda vinavyowaajiri maelfu ya wanawake kushona suruali za soko la Marekani, mara nyingi kwa vitambaa kutoka Asia. Mama aliwahi kupata suruali ya jinzi ndani ya robota la mashati, imeingizwa kimakosa. Alinipa niifanyie majaribio kama inanitosha, nami nilipogeuza kiuno nikasoma kwenye lebo kwamba imetengenezwa Kenya. Tulitazamana. Kilomita zipatazo thelathini kutoka mahali tulipokuwa tumesimama, mwanamke fulani alikuwa ameishona, ikavuka bahari, ikavaliwa na kuchokwa, ikavuka bahari tena, ikaja kuuzwa kwa mtu ambaye hangeweza kuinunua ilipokuwa mpya. Ninayo hadi leo.

Kwa hiyo siamini katika kufunga mlango, wala siamini kwamba mlango ukiachwa wazi mambo yatajipanga yenyewe. Ninachokiamini ni kwamba wajibu usafiri pamoja na robota. Jambo hili si ndoto. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, kwa adhabu ya faini hadi shilingi milioni 4 au kifungo hadi miaka 4, na waliosema haiwezekani waliona vikapu na mifuko ya nguo ikirudi mikononi mwa watu katika muda wa majuma machache. Ufaransa tangu mwaka 2007 inawadai wanaoweka nguo sokoni ada kwa ajili ya kushughulikia nguo hizo zikichakaa. Sheria yetu ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 nayo inaweka kanuni hiyohiyo, kwamba anayeingiza bidhaa sokoni anawajibika hata baada ya bidhaa kwisha kazi. Kasoro ni kwamba ada inayolipwa Ulaya kwa sehemu kubwa hubaki Ulaya, wakati shati lenyewe linakuja kufia kwetu. Pesa za mazishi zimebaki kwa mwenye duka, maiti imeletwa Gikomba.

Wakati fulani wazo zuri nalo huvuka bahari. Mwaka 2005 mwanamazingira wetu Wangari Maathai, mwaka mmoja tu baada ya kutunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, alizuru Japani akakutana na neno mottainai, ambalo Wajapani hulitamka wanapoona kitu kikipotea bure ilhali bado kina thamani. Alilipenda akalibeba, akalitaja mbele ya hadhira za dunia, kwa sababu aliona kwamba ndani yake mna heshima kwa kitu na kwa mkono uliokitengeneza. Nairobi ina bahati ya kuwa makao ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, pale Gigiri, na ni pale, mwezi wa Machi 2022, ambapo mataifa ya dunia yaliazimia kuandika mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Mazungumzo ya Geneva ya Agosti 2025 yalimalizika bila makubaliano. Kutoka Gigiri hadi Gikomba ni mwendo wa nusu saa barabara ikiwa wazi. Ningeomba kikao kimoja, hata cha asubuhi moja, kifanyike juu ya turubai pale sokoni, saa kumi na moja alfajiri, mikanda inapokatwa, ili wanaobishana kuhusu maana ya neno taka waone kwa macho yao ni wakati gani hasa nguo inakoma kuwa nguo. Nguo zinazoletwa zichambuliwe huko zinakotoka, kwa gharama ya waliozitengeneza, ili zisizovalika zisipande meli. Na zile zinazokuja zije na senti zao za mwisho.

Jumamosi iliyopita nilimweleza Mama habari hii ya ada. Alikuwa akichambua robota lililofunguliwa siku hiyo, na nilikuwa nimeketi juu ya kigoda nikimpokea mashati. Nilimwuliza: tuseme kila robota lingekuja na shilingi mia mbili zake za kushughulikia mabaki, ungezifanyia nini? Hakusimamisha mikono. Aliniambia kwamba yule kijana wa mkokoteni hudai shilingi mia tatu kupeleka fagia hadi kituo cha taka, lakini kwa hamsini huimwaga hapo nyuma, na kila mtu anajua hapo nyuma ni wapi.

"Mwanangu," akasema, "mia mbili ukinipa, mia moja nitaitoa mwenyewe."

Kisha akanitupia shati jingine, akaniambia niangalie kama lina vifungo vyote.